Uvimbe kwenye kovu la kujifungua kwa upasuaji: kutuliza kwa homoni, kuunguza bila kisu, au kukata na kupima

Mwanamke aliyejifungua kwa upasuaji anaweza kupitisha mkono tumboni, miaka mitano au kumi na mitano baadaye, akakuta pembeni mwa mshono kitu kigumu kama kokwa ya zambarau, kisichohama kikisukumwa, na chenye kuuma. Akifika zahanati ataambiwa ni uzi uliobaki, au jipu, au kovu lililokakamaa, au ngiri, na mara nyingi mojawapo ya majibu hayo huwa sahihi. Lipo jibu jingine ambalo husahaulika, nalo ni endometriosisi ya kovu, yaani tishu inayofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi kuota ndani ya mafuta au misuli ya ukuta wa tumbo, ikavimba na kuvuja damu kila hedhi inapokaribia. Nyingi kati ya hizo hazigeuki kuwa saratani maisha yote. Chache sana hugeuka, na kwa kuwa ni chache, huchelewa kutambuliwa hadi zimekuwa kubwa.

Nimekuwa muuguzi wa wodi ya magonjwa ya wanawake kwa muda wa kutosha kuona kwamba mgonjwa huchagua tiba kwa swali moja tu: ipi itaniondolea maumivu? Ni swali la haki. Hata hivyo, katika uvimbe wa aina hii naomba litanguliwe na lingine: ipi itatuambia kwa hakika kilichomo ndani? Njia zote zinazolinganishwa hapa nimezipima kwa swali hilo la pili kwanza.

Hofu nayo ipewe kipimo chake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba endometriosisi huwapata karibu 10% ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa, yaani watu wapatao milioni 190. Wanaopata saratani iliyoota ndani ya endometriosisi yao hukadiriwa kuwa karibu mmoja kati ya mia, na katika hao, takriban wanne kati ya watano saratani yao huwa kwenye ovari. Sehemu iliyobaki ndiyo inayotawanyika kwengine: utumbo mpana, ukuta kati ya uke na njia ya haja kubwa, ukuta wa tumbo, kitovu. Kovu la kujifungulia lenyewe hupata endometriosisi kwa wanawake wasiofika hata mmoja kati ya mia ya waliofanyiwa upasuaji huo, na saratani ndani ya kovu hilo ni nadra kiasi kwamba wagonjwa walioelezwa katika majarida ya tiba duniani kote wanahesabika kwa makumi. Kwa hiyo hakuna utafiti mkubwa uliowahi kushindanisha matibabu mawili ya saratani hii. Madaktari huamua kwa kukusanya visa, na kwa kuazima maarifa ya saratani ya ovari inayofanana nayo.

Uvimbe wa kawaida na ule wa kutilia shaka

Tabia inayotajwa zaidi ya endometriosisi ya kovu ni kufuata mwezi. Mama mmoja niliyemhudumia alisema kwamba hakuhitaji kalenda, kwa sababu siku tatu kabla ya hedhi fundo la khanga kiunoni lilikuwa halivumiliki, akawa anaifunga kifuani. Alikuwa ameshapasuliwa mara mbili kwa kudhaniwa ana jipu, katika kituo ambacho sina haja ya kukitaja, na mara zote mbili hakukutoka usaha, bali damu nzito nyeusi kama lami. Vipande vilivyotolewa vilitupwa. Hadi leo hilo linaniuma kuliko kosa la kudhani ni jipu, kwa sababu kudhani vibaya kunasahihishika kama kilichokatwa kimepelekwa maabara, na ndoo ya taka hairudishi majibu.

Kufuata mwezi, pamoja na umaarufu wake, si alama ya kuitegemea peke yake. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2008, yakijumuisha wagonjwa 445 wenye endometriosisi ya ukuta wa tumbo, yalikuta kwamba 96% walikuwa na uvimbe unaopapasika na 87% walikuwa na maumivu, lakini waliokuwa na maumivu yanayofuata hedhi walikuwa 57% tu. Mwanamke anayeumwa wakati wowote bila mpangilio asiambiwe kwamba haiwezi kuwa endometriosisi.

Upande wa pili, ule wa kutilia shaka, una sura yake. Uvimbe uliokaa miaka mingi ukubwa uleule kisha ukaanza kukua ndani ya miezi michache unastahili kuulizwa maswali. Maumivu yaliyokuwa yanakuja na kuondoka na hedhi, sasa yamekaa moja kwa moja. Ngozi ya juu imebadilika, imekonda, imechimbika au inatoa majimaji. Kinena kina mtoki usioelezeka kwa kidonda cha mguuni. Kovu ni la zamani, kwa kuwa visa vingi vya saratani hii hujitokeza zaidi ya muongo mmoja baada ya upasuaji, mara nyingi karibu miaka ishirini, mwanamke akiwa katika miaka ya arobaini au hamsini, na uvimbe ukiwa umepita sentimita tano au hata nane. Uvimbe unaokua kwa mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi ni wa kutilia shaka kupita wote, maana chakula cha endometriosisi ni homoni ya estrojeni, na chakula hicho kikipungua uvimbe ulipaswa kunywea.

Kabla ya mashine yoyote, mkono wa daktari unaweza kutenganisha mengi. Mgonjwa hulala chali, huambiwa anyanyue kichwa bila kusaidiwa na mikono, kisha akohoe. Ngiri kwa kawaida husukuma mkono wakati wa kukohoa na mara nyingi hurudi ndani ikibonyezwa, ilhali uvimbe ulioota katika ukuta wa tumbo hukaa pale pale, mgumu, na mara nyingi huuma zaidi misuli inapokazwa. Altrasaundi ndiyo picha ya kwanza, ya bei nafuu na inayopatikana karibu, na inaonyesha ukubwa, kina na kama kuna utumbo ndani yake. MRI huonyesha vizuri zaidi damu ya zamani na jinsi uvimbe ulivyoingia katika misuli, hivyo ina maana kwa uvimbe mkubwa au wa kutilia shaka; kwa uvimbe mdogo wa sentimita mbili sioni sababu ya familia kuuza mbuzi kwa ajili yake. Kipimo cha damu cha CA-125 kisitumike kuamua, kwa kuwa hupanda katika endometriosisi ya kawaida na huweza kuwa sawa kabisa mwanamke akiwa na saratani.

Njia tatu

Njia ya kwanza ni kutuliza kwa homoni: vidonge vya projestojeni kama dienogesti au norethisteroni, vidonge vya majira, au ile sindano ya miezi mitatu ya uzazi wa mpango. Uzuri wake ni kwamba inaanza leo, haihitaji kulazwa, na kwa mwanamke ambaye pia ana endometriosisi ndani ya nyonga inatibu sehemu zote mbili kwa pamoja. Inamfaa mwenye uvimbe mdogo usiobadilika, au asiye tayari kwa upasuaji kwa sababu ya afya, kazi au mtoto mchanga. Udhaifu wake ni kwamba inanyamazisha bila kuondoa: uvimbe kwa kawaida hubaki, na maumivu hurudi dawa zikiachwa. Tena inatunyima ile kengele ya maumivu ambayo ingetuambia tabia imebadilika. Mwenye kuchagua njia hii ningemtaka apimwe uvimbe kwa altrasaundi kila baada ya miezi michache, vipimo viandikwe kwa milimita katika daftari analolitunza mwenyewe, na ukuaji wowote wakati wa kutumia homoni uchukuliwe kuwa sababu ya kuachana na kusubiri.

Njia ya pili ni kuunguza bila kisu. Kuna mawimbi makali ya sauti yanayokusanywa katika nukta moja hadi tishu ipikike, mbinu iliyotumika sana China, na kuna sindano za kugandisha uvimbe kwa baridi kali, ambazo zimetumika Ufaransa na Marekani. Mgonjwa hurudi nyumbani mapema, hana mshono mrefu, na misuli ya tumbo haikatwi kipande, jambo kubwa kwa mwanamke anayebeba ndoo na mtoto. Lakini njia hii haitoi hata punje moja ya tishu ya kupeleka maabara. Ikitumika bila kuchukua sampuli kwanza, daktari anaua kitu asichokijua, na kama kulikuwa na pembe ya saratani ndani yake, sehemu iliyosalia itaendelea kukua nyuma ya kovu jipya huku kila mmoja akiamini kwamba kazi imekwisha. Kwa uvimbe wa kutilia shaka naiona kuwa haifai kabisa. Kwa uvimbe mdogo ambao sampuli yake imeshasomwa na kukutwa ni endometriosisi ya kawaida, ni njia ya heshima, mahali inapopatikana.

Njia ya tatu ni kukata uvimbe wote pamoja na ukingo wa tishu nzima, angalau sentimita moja kila upande, na pale ulipoingia katika utando mgumu unaofunika misuli, utando huo nao hukatwa. Katika mapitio yale ya wagonjwa 445, uvimbe ulirudi kwa 4.3%. Gharama ya njia hii kwa mwili ni wazi: kaputi au ganzi ya mgongoni, kidonda, majimaji kujikusanya chini ya ngozi, na uwezekano wa ngiri ya kovu baadaye. Pengo likiwa kubwa daktari hushonea wavu maalumu ili utumbo usitokeze. Faida yake ni mbili kwa wakati mmoja, kwani mwanamke anaondokewa na maumivu na mtaalamu wa patholojia, yaani msomaji wa tishu maabara, anaupata uvimbe wote, si chembe yake, anaukata vipande na kuutazama kila pembe. Wapo madaktari wa upasuaji wanaopenda kuupapasa siku zinazokaribia hedhi, ukiwa umevimba, na kuuchora kwa kalamu juu ya ngozi kabla ya mgonjwa kulala, kwa sababu uvimbe mdogo hupotea vidoleni misuli ikishalegea.

Mimi, kwa mwanamke anayeweza kuhimili upasuaji na mwenye uvimbe unaomsumbua au unaokua, ningechagua kukata bila kusitasita. Kwa mwenye uvimbe mdogo, tulivu, asiyeumwa sana, homoni pamoja na vipimo vya mara kwa mara ni uamuzi wa busara, wala asitishwe kwa neno saratani ili akimbilie kisu.

Sampuli ichukuliwe vipi?

Hapa ndipo wagonjwa hupata ushauri unaogongana, na kila upande una sababu. Sindano nyembamba huvuta seli tu. Ikibahatika huonyesha seli za tezi, seli za utando wa uzazi na seli zilizomeza damu ya zamani, na hizo zinatosha kuelekeza kwenye endometriosisi, lakini kukosekana kwa seli za saratani katika tone hilo hakuthibitishi kwamba saratani haipo upande wa pili wa uvimbe. Sindano nene ya biopsi, yaani ya kuchukua kipande cha tishu, hutoa nyuzi za tishu zenye mpangilio wake, hivyo jibu lake lina uzito zaidi. Hofu ya madaktari ni sindano kusambaza seli katika njia iliyopita, na ndiyo maana njia hiyo hukatwa pamoja na uvimbe siku ya upasuaji.

Kwa uvimbe mdogo usio na dalili mbaya, ambao utakatwa kwa vyovyote, sindano haiongezi kitu. Ukatwe mzima na upelekwe. Kwa uvimbe mkubwa au wa kutilia shaka mambo ni kinyume, kwa sababu upasuaji wa saratani ni mwingine kabisa kwa upana na maandalizi, na kuukata nusunusu kwa kudhani ni jambo dogo kunaharibu nafasi ya kwanza, ambayo ndiyo bora. Huyo achukuliwe biopsi ya sindano nene kwa kuongozwa na altrasaundi kwanza. Na kwa wote wawili, ngiri iwe imekwisha kuondolewa shakani kabla ya sindano au kisu kugusa ngozi, utumbo usije ukatobolewa.

Maabara nako kuna kazi ya kutenganisha. John Sampson, daktari wa wanawake wa Albany nchini Marekani, aliweka mwaka 1925 masharti yanayotumika hadi sasa: endometriosisi ionekane karibu na saratani, saratani iwe na sura ya tishu ya utando wa uzazi, na pasiwe na chanzo kingine ilikotoka. Mwaka 1953 mtafiti mwingine, Scott, aliongeza sharti la kuonekana hatua za kati, kutoka tishu ya kawaida hadi saratani. Ndiyo sababu mgonjwa mwenye saratani kwenye kovu huchunguzwa pia mfuko wa uzazi, ovari na utumbo, jambo linalowachanganya wengi wakidhani daktari amepotea. Katika kovu, aina inayoongoza ni saratani ya seli angavu, inayoitwa hivyo kwa kuwa seli zake huonekana nyeupe chini ya hadubini, ikifuatiwa na ile ya endometrioidi, inayofanana na utando wa mfuko wa uzazi. Katika utumbo, ya endometrioidi ndiyo huonekana zaidi. Rangi maalumu husaidia: saratani iliyotoka katika tishu ya uzazi kwa kawaida hushika rangi za alama za protini ziitwazo CK7 na PAX8, na ya utumbo wenyewe hushika CK20 na CDX2.

Kitovu na utumbo

Uvimbe wa kitovuni una ulinganisho wake. Endometriosisi ya kitovu, iliyoelezwa na Villar mwaka 1886, huwa kinundu chenye rangi ya kahawia au zambarau kinachoweza kutoa damu siku za hedhi, hata kwa mwanamke asiyewahi kupasuliwa. Kinundu kingine, kinachobeba jina la Sista Mary Joseph, msaidizi wa upasuaji wa Dkt. William Mayo huko Rochester, Minnesota, ni saratani ya ndani ya tumbo iliyosambaa hadi kitovuni. Kwa macho vinaweza kufanana sana, na sijui daktari mwangalifu anayethubutu kuvitenganisha bila biopsi. Katika utumbo mpana shida ni nyingine: ugonjwa huanza nje ya ukuta ukiingia ndani, kwa hiyo kipande kilichochukuliwa kwa kamera kutoka ndani kinaweza kurudi na jibu la kawaida ilhali ugonjwa upo.

Jibu likiwa saratani

Uchaguzi wa hapa si wa mgonjwa peke yake, lakini anapaswa kuujua. Njia ya kwanza ni kukata kwa upana, ukingo ukiwa kama sentimita mbili za tishu nzima, kuziba pengo kwa wavu au kwa nyama ya mgonjwa mwenyewe, kuchunguza tezi za kinena, na kuamua kuhusu kutoa mfuko wa uzazi na ovari, kisha kufuatisha tibakemikali, kwa kawaida kaboplatini pamoja na paklitakseli. Ya pili ni kuanza na tibakemikali ili kupunguza uvimbe usiokatika kwa sasa. Nikilinganisha hizo mbili, uzito uko kwenye upasuaji kamili, kwa kuwa saratani ya seli angavu ina sifa ya kutoitikia vizuri tibakemikali, hivyo dawa hazilipi deni la ukingo uliobaki na ugonjwa. Mionzi hutumika kwa baadhi ya wagonjwa, hasa pale ukingo ulipokuwa finyu au tezi zilipoguswa. Kazi hii inahitaji daktari wa saratani za wanawake na mtaalamu wa kuziba ukuta wa tumbo katika chumba kimoja, kwa hiyo rufaa ya mapema kwenda mahali kama Muhimbili na Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi, au Taasisi ya Saratani ya Uganda jijini Kampala ina thamani kuliko upasuaji wa haraka karibu na nyumbani.

Kwa waliokoma hedhi au waliotolewa ovari na wanahitaji homoni kwa joto la mwili na kukosa usingizi, ulinganisho ni mfupi. Estrojeni peke yake hulisha mabaki ya endometriosisi, na visa vya saratani vimeelezwa kwa watumiaji wake. Estrojeni pamoja na projestojeni kwa mfululizo, au tiboloni, dawa moja inayofanya kazi kama homoni hizo, ndiyo inayopendekezwa na mwongozo wa Ulaya wa endometriosisi wa mwaka 2022. Mwanamke asiye na mfuko wa uzazi mara nyingi hupewa estrojeni tupu kwa sababu hana tena utando wa kulindwa, na hapo ni juu yake kumkumbusha daktari: «Daktari, mimi niliwahi kuwa na endometriosisi.»

Siku ya upasuaji, kabla ya kuingia chumba cha kaputi, ndugu anayemsindikiza mgonjwa aulize mambo matatu kwa upole: chupa ya fomalini, dawa ya kuhifadhi tishu, ipo tayari, nani anaipeleka maabara, na majibu yatatoka lini. Uvimbe ukitoka, daktari huufunga nyuzi za alama, mara nyingi uzi mfupi upande wa juu na mrefu upande wa pembeni, ili mtaalamu wa patholojia ajue ni ukingo upi umebaki na ugonjwa kama upo. Fomu ijazwe umri, mwaka wa kujifungua kwa upasuaji, homoni anazotumia, na maneno haya yasiachwe: «uvimbe ndani ya kovu, uangaliwe endometriosisi na saratani.» Namba ya simu iandikwe ya mtu anayepokea, na karatasi ya majibu ikitoka, nakala moja ikae nyumbani kwa mgonjwa.